Kwenu ni wapi? Uraia na utamaduni katika darasa la Nairobi

Kazi niliyowapa wanafunzi wangu wa Gredi 4 niliiona nyepesi: chora nyumbani kwenu. Sikutaja ushago, lakini mtoto wa Nairobi akisikia "nyumbani kwenu" hujua anaulizwa mahali pengine, kule anakopelekwa Krismasi. Zikaja nyumba zilizozungukwa na migomba, ng'ombe wawili watatu, mto, kaburi la babu lenye msalaba. Msichana mmoja alichora mabati yaliyobanana, reli inayopita nyuma ya nyumba, na bibi ameketi mlangoni kwenye jamvi anashona kawa la rangi. Jirani yake wa dawati alichungulia akasema kwa sauti, darasa zima likasikia: "Hiyo si kwenu, hiyo ni hapa Kibra." Wenzake wakacheka. Msichana akaifunika karatasi kwa kiwiko.

Alikuwa Mnubi. Mababu zake ni wale askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakapewa pa kukaa pembeni mwa mji uliokuwa ndio kwanza unachipuka. Pahali penyewe palikuwa msitu, na neno la Kinubi la msitu ndilo lililozaa jina Kibra, ambalo wengi hulitamka Kibera. Mtaa ambao watu hupenda kuutaja kwa kuuonea huruma ulipewa jina na watu wa familia yake. Makaburi yao yako huko. Kwa hiyo mtoto alikuwa amejibu sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilomwachia nafasi.

Siku hizi mzazi akiniuliza ni nini hasa tunachofundisha tunaposema uraia, na kwa nini wiki moja mtoto aimbe wimbo wa taifa na wiki ya pili aagizwe kuja na mavazi ya kabila lake, humwanzia kwenye ile karatasi. Mambo haya mawili, kumfanya mtoto awe raia na kumfundisha athamini utamaduni, yameshonwa pamoja vibaya katika vichwa vyetu watu wazima, na watoto huyapokea yakiwa tayari yamechanganyika.

Raia, kabila, utamaduni

Tuanze na sheria kwa sababu ndiyo iliyo wazi. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Basi. Neno kabila halimo, ushago haumo, wala lugha unayoota nayo usiku. Kifungu ninachopenda kuwasomea watoto ni kile kidogo cha nne cha ibara hiyohiyo: mtoto anayepatikana nchini Kenya, anayeonekana kuwa hajafika miaka 8, na ambaye wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Darasa hunyamaza nikisoma hapo. Watoto wa miaka kumi wanaelewa upesi maana ya kupotea. Kuna mmoja aliyeniuliza, "Hata kama haongei Kiswahili, mwalimu?" Hata kama.

Kabila ni ukoo uliopanuka: watu wanaojihesabu kuwa wa asili moja, wenye lugha yao na kumbukumbu zao. Utamaduni ni ule ujuzi wa kuishi ambao watu wamerithishana, kuanzia namna ya kuhifadhi maziwa hadi namna ya kumzika mtu na kumpokea mgeni. Mtu mmoja anaweza kubeba utamaduni wa makabila mawili na wa mtaa wake juu yake. Watoto wengi wa Nairobi wako hivyo, baba wa huku na mama wa kule, na wao wanatema Sheng.

Kosa letu ni kuligeuza kabila kuwa mlango wa kuingilia uraia. Kwanza uonyeshe kwenu, ndipo tukuite Mkenya. Halikuwa kosa la darasani peke yake. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi walipokwenda kuomba kitambulisho walipigwa msasa na kamati, hatua ambayo majirani zao wa jamii nyingi hawakuijua. Mwaka wa 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, iliyo chini ya Umoja wa Afrika, iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia tangu wanapozaliwa. Hatimiliki ya ardhi yao ya Kibra, ekari 288, ilitolewa mwaka wa 2017. Yaani yule msichana alipochekwa, kicheko kile kilikuwa na historia ndefu nyuma yake, na waliocheka hawakuijua.

Nilipokuwa mwanafunzi tulikariri kwamba Kenya ina makabila 42, tukaiamini idadi hiyo kama tulivyoamini idadi ya siku za wiki. Kisha mwaka wa 2016 Wamakonde wa Kwale wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kudai watambuliwe, nao wakahesabiwa kuwa wa 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatambuliwa kuwa wa 44. Baadaye wakaja Washona, kisha Wapemba. Huwa naiandika ubaoni hiyo 42 na kuifuta, naandika 43, naifuta. Mtoto anayeuona mkono wa mwalimu ukifuta idadi ile anaelewa jambo ambalo maelezo yangu ya nusu saa hayamfikishii: kutambuliwa ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Mtaala unasemaje

Mtaala wa umilisi, ule ambao wengi wanauita CBC, ulianza kutumika kote nchini mwaka wa 2019. Unataja umilisi wa kimsingi saba, na uraia ni mmoja wao, pamoja na mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, utatuzi wa matatizo na mwingineo. Maana yake ni kwamba uraia hauna kipindi chake kwenye ratiba. Umetawanywa katika masomo yote. Mwalimu wa Hisabati anaufundisha anapoamua nani akae na nani kwenye kikundi. Mwalimu wa michezo anaufundisha anapoamua kama msichana atacheza kandanda. Wazazi wengi hawajaelezwa jambo hili, ndiyo maana wanatafuta daftari la uraia na hawalioni.

Sehemu inayoonekana zaidi iko katika Masomo ya Jamii. Mpangilio wake huanzia karibu na kwenda mbali: Gredi 4 kaunti, Gredi 5 nchi, Gredi 6 Mashariki mwa Afrika. Ni mpangilio mzuri, nausifu bila kusita. Ila Nairobi huleta tatizo lake. Mwenzangu anayefundisha Makueni akifika kwenye utamaduni wa kaunti anamwita mama wa kijiji, watoto wanaketi chini ya mti, wanaonyeshwa jinsi ya kusokota katani. Mimi nikihesabu lugha zinazosemwa majumbani kwa wanafunzi wangu 58 napata kumi na mbili. Utamaduni wa kaunti yetu ni upi?

Nimekuja kuamini kwamba jiji lenyewe linajibu, mtu akilisoma. Jina Nairobi ni la Kimaasai na linahusu maji baridi. Kibra ni Kinubi. Kariokor ni Kiingereza kilichotafunwa na ndimi za watu: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao maelfu yao hawakurudi. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliobomolewa kijiji chao cha Pangani. Hata jina la mtaa wa Umoja lina la kuuliza: waliolichagua walitarajia nini?

Muhula mmoja tulikwenda soko la Kariokor kwa miguu, watoto wawili wawili wakishikana mikono, tukasimama kwenye vibanda vya vyondo. Niliwaagiza kila mmoja aulize swali moja tu na asikilize jibu mpaka mwisho. Muuzaji mmoja aliwaonyesha tofauti ya kiondo cha katani na cha sufi kwa kuwaambia wafumbe macho na washike. Alikuwa Mkamba, fundi wa ngozi aliyemshonea mikanda alikuwa Mjaluo, na mteja aliyekuwa akipatana naye bei alikuwa mama wa Kisomali kutoka Eastleigh. Tuliporudi, mvulana mmoja aliandika daftarini: "Kiondo kimoja kina watu watatu." Sijawahi kupata sentensi bora zaidi ya kuanzia somo la kaunti yetu.

Siku ya mavazi

Nina ugomvi na siku ya utamaduni kama inavyofanywa katika shule nyingi. Mzazi anapata ujumbe Jumatano usiku kwamba Ijumaa mtoto avae kikabila. Anakimbia kukodi shuka na shanga. Asiye na pesa anamfungia mtoto leso ya mama na kuomba Mungu. Watoto wanapita mbele ya wageni, wanapigwa picha, wanaambiwa "sisi sote ni wazuri", na saa tisa wanarudi nyumbani. Wamejua nini? Kwamba utamaduni ni nguo ya siku moja, kwamba kila mtu ana mmoja tu, na kwamba uko zamani. Mtoto wa baba Mluhya na mama Mtaita amelazimika asubuhi ile kuchagua mzazi.

Serikali nayo imewahi kuyumba na siku yenyewe: tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, ikawa Siku ya Utamaduni, leo ni Siku ya Mazingira. Hilo halinisumbui. Utamaduni haukuhitaji sikukuu ndipo ufundishwe.

Nitaeleza kilichotokea darasani kwangu na kibuyu. Niliomba mzazi yeyote aliye tayari aje na chombo kimoja cha nyumbani kwao ambacho bado kinatumika. Sharti hilo nalisisitiza: bado kinatumika. Akaja mama wa Kikalenjin na sotet, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kugandishwa, kilichopambwa shanga shingoni, na kijiti cha mti wa senetwet. Watoto walijua mursik kwa kuwaona wanariadha wakinyweshwa uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Hawakujua inavyotengenezwa. Mama akawasha kijiti nje, uani, akakiacha kiwe kaa la moto, akalisaga kaa lile ndani ya kibuyu kwa fimbo mpaka ndani pote pakawa peusi. Akawapitishia kibuyu wanuse. Wengine walikunja pua. Akawaeleza kwamba maziwa huchemshwa, yakapoa ndipo humiminwa humo, kikafunikwa, kikakaa siku kadhaa. Mkaa ule huzuia maziwa yasiharibike vibaya, huyapa ladha, na ndio huyapa rangi ile ya kijivu.

Hapo mvulana wa Kisomali, ambaye huwa haongei, akainua mkono. "Nyanya yangu hufukiza chombo cha maziwa ya ngamia. Na moshi." Mama akamgeukia akamuuliza mti gani. Hakujua jina, akaahidi kuuliza. Wakaanza kuzungumza wao wawili, mama wa miaka arubaini na mtoto wa miaka kumi, kama mafundi wa kazi moja. Mimi nikakumbuka shangazi yangu wa Mombasa anavyofukiza mtungi wa maji kwa ubani, nikasema. Mwingine akasema kwao maziwa huganda kwenye ndoo ya plastiki na hakuna moshi, akaonekana kusikitika kidogo, na mama akamwambia hata hiyo ndoo ina elimu yake, aende akaulize huachwa wapi usiku.

Niliona siku hiyo tofauti ya kuusifu utamaduni na kuuthamini. Sifa hutolewa kwa mbali. Ili uthamini kitu lazima ujue kinafanya kazi gani, kwa nini kimefanywa hivyo, na mwenyewe angepoteza nini kikitoweka. Na ukishajua kwa nini, unaanza kukuta ujuzi uleule kwa watu uliodhani hawana lolote la kukuhusu. Hakuna aliyewaambia watoto wale kwamba Mkalenjin na Msomali wanafanana. Walikutana kwenye moshi. (Mwaka wa 2021 UNESCO iliweka juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi, na wanafunzi wa shule za msingi walikuwa miongoni mwa waliotumwa kukusanya habari za vyakula hivyo. Watoto wanaiweza kazi hii, wakipewa.)

Kuhusu lugha nitasema machache. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule katika miaka mitatu ya kwanza, na kwa mji wenye mchanganyiko kama wetu lugha hiyo ni Kiswahili. Kizazi cha wazazi wetu kilivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni, na ndio hao sasa wanaoshindwa kuwarithisha wajukuu lugha walizofundishwa kuzionea haya. Katiba, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha zote za Wakenya, ikiwemo lugha ya ishara. Darasani kwangu salamu ya asubuhi huzunguka: kila wiki mtoto mmoja hutufundisha ya kwao. Asiyeijua humpigia nyanya yake simu. Hiyo simu ndiyo somo.

Yanayouma

Wazazi huniomba nisigusie ukabila. Wanasema watoto hawana ukabila, tusiwapande mbegu. Nawaelewa, na nakataa. Mbegu hupandwa kwenye meza ya chakula, kwenye matatu, kwenye redio wakati wa kampeni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, na Kibra na Mathare zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua hapa Nairobi. Tume ya kitaifa ya uwiano na utangamano iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2008 kwa sababu hiyo. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa vijana wakati ule. Wengine walihama nyumba usiku. Watoto wao hawajasimuliwa, lakini wanajua ni mtaa gani mama hapendi kupita.

Siku moja mvulana alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba watu wa jamii fulani ni wezi. Katika darasa lilelile walikuwapo wanne wa jamii hiyo. Ningeweza kumfukuza nje. Miaka ya nyuma ningefanya hivyo. Nilimuuliza maswali mawili: umelisikia wapi, na wewe mwenyewe umeibiwa na nani? Alisema amelisikia kwa mjomba. Kuhusu kuibiwa, akafikiri, akasema aliibiwa penseli, na aliyeiiba alikuwa binamu yake. Hakuna aliyecheka. Nikaiacha hapo, sikumwongezea hotuba. Nimejifunza kwamba mtoto akiaibishwa mbele ya wenzake kwa neno alilolitoa nyumbani, hulitetea neno lile maisha yake yote, kwa sababu analitetea nyumbani kwao.

Wiki iliyofuata tuliimba wimbo wa taifa, kama kila Jumatatu na Ijumaa bendera inapopandishwa, lakini tuliporudi darasani niliwataka waunyamazie maneno na wauvumishe tu, polepole, mdomo umefungwa. Wauvumishe kama anayembembeleza mtoto. Ndipo nikawaambia unakotoka. Wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa mwaka wa 1963 na jopo la wanamuziki kwa ajili ya uhuru, umetumia sauti ya bembelezi la Wapokomo, watu wa kando ya Mto Tana. Kuna akina mama waliowalaza watoto kwa sauti hiyo kabla hapajakuwa na nchi inayoitwa Kenya. Nchi nzima husimama wima kwa sauti ya mama Mpokomo anayetaka mwanawe alale.

Darasani hapakuwa na Mpokomo hata mmoja. Wakauliza Tana iko wapi. Tukaitafuta kwenye ramani.

Sehemu nyingine ya uraia haina ngoma wala kibuyu, nayo ni kusimamia ahadi. Shule yetu ina serikali ya wanafunzi inayochaguliwa kwa kura. Mwaka juzi mgombea mmoja alileta mandazi ya kugawa, akashinda. Mwingine aliahidi kidimbwi cha kuogelea katika shule ambayo vyoo vyake havina maji ya kunawa. Watoto hawa hawakutunga mambo haya, wameyaona. Sikuufuta uchaguzi. Tuliandika ahadi zote kwenye karatasi kubwa ukutani, na kila Ijumaa dakika kumi za mwisho kiongozi husimama kando ya karatasi akaulizwa. Wiki tatu za mwanzo ilikuwa kelele. Wiki ya nne msichana wa Gredi 4 alimuuliza waziri wa afya, mtoto wa Gredi 6 aliyemzidi kimo mara moja na nusu: "Sabuni uliyosema iko wapi?" Waziri akasema mwalimu mkuu hajampa. "Ulimwomba lini?" Hakuwa amemwomba. Jumatatu kulikuwa na mche wa sabuni kwenye soksi iliyoning'inizwa bombani. Haikuwa kidimbwi, lakini aliyeuliza alinawa mikono siku hiyo mara tano, nilimhesabia.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo walimu wa Nairobi tunapaswa kulishika vizuri. Madarasani mwetu wamo watoto wasio raia: Wakongo, Wasudani Kusini, Waethiopia, Wasomali waliozaliwa ng'ambo ya mpaka. Katiba inapozungumzia elimu ya msingi ya bure na ya lazima, katika Ibara ya 53, inasema ni haki ya kila mtoto. Haikusema kila raia. Kwa hiyo mtoto mkimbizi ana haki ya kuuliza sabuni iko wapi sawa na mwingine yeyote, na anajifunza uraia wa nchi ambayo huenda isimpe kitambulisho. Sipendi kumaliza somo bila kulisema hilo, kwa sababu watoto hujua nani hana karatasi, na huweza kuwa wakatili.

Unaweza kuuliza tunapima vipi haya yote. Fomu zinatutaka tuseme mtoto amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Kwa kusoma na kuhesabu naweza. Kwa kuheshimu mwenzake, naandika nilichokiona: "Alimngoja mwenzake amalize kusema." Mzazi akisoma hivyo anajua zaidi kuliko kwa alama yoyote. Pale fomu inaponilazimisha alama naitoa, lakini ile sentensi naiandika chini yake.

Lile swali la kwanza nililibadilisha. Siulizi tena kwenu ni wapi. Nauliza: anayekulea ni nani, na yeye alilelewa wapi, na aliyemlea je? Tulibandika ramani ukutani, pini kwenye shule yetu, na kila mtoto akapewa uzi wa kuufunga kutoka shuleni hadi alikolelewa mlezi wa mlezi wake. Nyuzi zilienda Lodwar, Homa Bay, Wajir, Nyeri, Voi. Za wawili zilitoka nje ya ramani, tukaongeza karatasi pembeni tukaandika Goma na Juba kwa kalamu. Mwenye mama wa huku na baba wa kule alipewa nyuzi mbili.

Yule msichana alikuja wa mwisho. Alikuwa amemuuliza bibi yake, na bibi alikuwa amemweleza habari za mama yake na za nyanya yake, wote wa Makina, ndani ya Kibra. Kwenye ramani, kutoka shuleni hadi Makina, hapatoshi ncha ya kidole. Uzi haukuwa na pa kwenda. Mvulana aliyemcheka siku ile akauangalia, akaniuliza, "Mwalimu, si tungeleta ramani ya Nairobi peke yake, ile kubwa, ili wake uonekane?"

Tuliileta. Iko ukutani hadi leo kando ya ile nyingine, na nyuzi juu yake sasa ni saba.